Maneno ya Mlangoni

Faith aliponipigia simu hakuanza kwa kuniambia kwamba Hillary amekufa. Aliniuliza kama kamera yangu iko sawa. Nilikuwa studioni kwangu mjini Kericho, chumba kimoja chenye pazia la kijani na kiti cha kuzunguka, nikihariri video ya harusi ambayo bibi harusi alitaka shangazi mmoja aondolewe kila anapoonekana, nikadhani Faith naye ana sherehe. Nikamwambia iko sawa, ni lini? "Jumamosi, dada," akasema. "Ni Hillary. Pikipiki yake iligongwa na lori ya ngano kule Mulot. Hatutaki mtu mwingine ashike kamera, ni wewe tu." Sauti yake ilikuwa kavu, sauti ya mjane aliyekwisha kulia na sasa anapanga viti na sufuria. Nikamwuliza swali ambalo mtu yeyote wa huku angeliona la kijinga: atazikwa wapi? Mke wa mtu wa Kimulot, mwenye nyumba na watoto Kimulot, unamwuliza mumewe atazikwa wapi! Lakini Faith hakushangaa. Akasema, "Kaburi bado. Joel anasema tungoje wazee." Hapo nilizima kompyuta nikakaa kwenye kiti cha wateja, na mwaka wote ule ukanirudia, mwaka ambao mimi na Hillary tulijifunza kutengeneza filamu fupi za maisha ya watu.

Ya kwetu nitayaacha. Inatosha kusema kwamba nilizaliwa katika nyumba za kampuni ya chai, miongoni mwa watu waliotoka upande wa Ziwa kuja kuchuma majani, na kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na nimechoka kuulizwa ninafanya nini siku hizi. Shirika moja la Nairobi lilikuja likitafuta vijana wa nchi ya chai wenye hadithi. Walikodi chumba ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe nakumbuka kamera kabla sijakumbuka ng'ombe. Kulikuwa na mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa, ubao mweupe usiofutika vizuri, na dirisha lililotazama mabati ya soko. Siku ya kwanza kijana mmoja mrefu alisimama chini ya ngazi, akavua gambuti zenye matope ya Kimulot, akatoa viatu vyeusi kwenye mfuko wa plastiki, akavaa, akapanda juu kama mchungaji. Gambuti aliziacha pale pale kwa muuza dawa. Alifanya hivyo kila siku ya mafunzo, na hakuna aliyewahi kuziiba, jambo ambalo yeye aliliona la kawaida na mimi, mtoto wa nyumba za kampuni, niliona ni muujiza. Huyo ndiye Hillary.

Mwalimu wetu aliitwa Dennis. Nimekuwa na miaka mingi ya kumkasirikia Dennis, kwa hiyo naomba niwe wa haki: alijua kazi yake. Alitupeleka Londiani kupiga picha za viazi. Tulicheka, kisha akatukataza kurudi mpaka tumwonyeshe kiazi kimoja kutoka mchangani hadi kwenye gunia bila neno lolote, na mtazamaji aelewe kimetokea nini. Tulilala kifudifudi kwenye mitaro, baridi ya Londiani ikitukata masikio, wanawake wa kule wakitutazama na kuulizana kwa sauti kama serikali sasa inaandikisha viazi. Ndiye aliyenifundisha kushika kamera pumzi ikiwa imetulia, na kutozima haraka. "Jambo lenyewe huja baada ya pale unapodhani limekwisha," alisema. Hilo limenilisha. Lakini alikuwa na neno lingine alilolipenda zaidi, na hilo ndilo lililotuchoma: "Hadithi bila swali ni video ya harusi." Leo nakula kwa video za harusi, na nina neno au mawili ningependa kumwambia kuhusu maswali.

Kwa sababu somo kubwa halikuwa kamera, lilikuwa kupichi. Kupichi, kwa asiyejua, ni kusimama mbele ya watu waliokaa na kuwauzia hadithi ambayo bado hujaitengeneza. Unapewa dakika chache. Lazima useme ni nani, anataka nini, ni nini kinamzuia, na kwa nini wewe ndiye wa kuisimulia. Mwishoni mwa mafunzo majaji wangekuja kutoka Nairobi, na atakayeshinda angepewa kamera na watu wa kumsaidia kutengeneza filamu yake. Wengi wetu tulikuwa na hadithi za kuokota. Mimi nilikuwa na mama mmoja mchuma chai aliyekuwa pia mshonaji, na hata mimi sikuitaka sana. Hillary peke yake alikuwa na hadithi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kama alivyokuja na viatu vyake.

Nilikwenda kwao mara ya kwanza miezi miwili baada ya kuanza. Dennis alikuwa ametupanga wawili wawili, na mimi ndiye niliyekuwa mshika kamera wa Hillary. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, juu kwenye kilima, upande ambao jioni unaona giza la msitu wa Mau likianza kabla ya giza lenyewe. Ndani kulikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, redio iliyofungwa kwa mpira, na vibuyu vya maziwa vimening'inizwa ukutani vikinukia mkaa. Nilikuwa nimebeba omena, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Bibi mmoja mwembamba aliyekaa kwenye kigoda alizifungua, akazitazama. "Hii samaki yote inaniangalia," akasema. Kisha akamwita mama yake Hillary, Rael, na kumwambia atafute sufuria ya zamani, si ile ya nyumba, azipike nje. Tulicheka wote, naye akacheka kuliko sisi. Halafu akashusha kibuyu kimoja, akakitikisa, akatumiminia Hillary na mimi maziwa ya rangi ya majivu, akamega ugali wa wimbi kwa mkono wake mwenyewe. Huyo ndiye Kogo Tapkigen. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na wote tulimwita hivyo.

Lakini hakuwa nyanya ya Hillary. Zamani aliolewa na mzee aliyekuwa na mke mwingine, mke mkubwa, na mke mkubwa akazaa wavulana, wa kwanza wao ni Joel. Kogo hakuzaa. Mzee alipofariki, Kogo alibaki na sehemu yake ya shamba la chai na ng'ombe wake, bila mtoto wa kumwachia, na kina Joel wakingoja. Ndipo akafanya jambo ambalo Wakipsigis wana njia yake tangu zamani: akaoa. Alitoa ng'ombe, akamwoa msichana anayeitwa Rael, wazee wakashuhudia, na watoto wa Rael wakawa watoto wa nyumba ya Kogo. Wanaiita kitunchi toloch. Toloch ni nguzo unayoiegemeza kwenye nyumba isianguke. Mwanamume ambaye Rael alimpata Hillary kwake hakutajwa, wala si kwa sababu kulikuwa na aibu. Hakutajwa kwa sababu hahusiki. Siku ya wazazi shuleni, walimu walipoita kina baba, aliyesimama ni Kogo, na kijana mwenyewe alinisimulia jambo hilo akitabasamu, kama mtu anayesimulia baba yake alivyokuwa na nguvu. Mimi sikuona ajabu kubwa. Kwetu pia mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, hata kama mwenye nyumba alikufa kabla mtoto hajatungwa.

"Nataka watu wamwone," aliniambia tukirudi. "Si unajua, Atieno, vile watu wa nje wakisikia hii mambo wanafikiria ni kitu chafu? Wamwone tu akikaa pale. Akikamua. Wataelewa." Hiyo ndiyo iliyokuwa filamu yake, na mpaka leo naamini ingekuwa nzuri.

Siku aliyofanya mazoezi ya kuipichi mbele ya darasa mvua ilikuwa inapiga mabati hadi ikabidi apaze sauti. "Nataka kutengeneza filamu kuhusu Kogo," akasema, "ambaye alioa mamangu." Dennis alikuwa akitazama simu. Akaiweka chini.

"Na baba yako?"

"Si ndiye huyo nimesema."

"Namaanisha baba. Baba mwenyewe."

"Ndiye huyo, mwalimu."

Wale waliotoka nje ya huku walicheka. Vijana wa Kikipsigis darasani walitazama viatu vyao, na hapo ndipo mtu mwenye macho angeona kwamba tumeingia mahali pasipoingiwa. Dennis hakuona. Alikuwa amechangamka, na si kwa ubaya. Alitembea huku na huko akisema hadithi ni moto, ni moto sana, ila haina swali. Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: BABA YANGU NI NANI? "Anza na hilo," akasema. "Simama, watazame, waambie hujui baba yako ni nani. Halafu nyamaza. Hakuna jaji atakayegusa chai yake." Hillary aliyatazama yale maneno kwa muda mrefu. Akasema, kwa upole, kwamba hajawahi kuuliza hivyo. Dennis akamjibu kwa upole uleule, "Ndiyo maana ya filamu. Kuuliza usichowahi kuuliza." Maneno yalikaa ubaoni wiki nzima, kwa sababu ule ubao, kama nilivyosema, ulikuwa haufutiki vizuri.

Tulikwenda kula chapati na ndengu kwa mama mmoja nyuma ya soko. Hillary alikuwa anakata chapati vipande vidogo na havili. Nikamwuliza Kogo akisikia itakuwaje. "Kogo hataiona filamu mpaka iishe," akasema, "na ikiisha ataona ni yeye ndiyo kubwa hapo." Nikamwambia sijaipenda. Akaniambia nisijali. "Hayo ni maneno ya mlangoni tu, Atieno. Watu lazima waingie kwanza. Wakishaingia, ndio nitawaonyesha nyumba." Nimeyakumbuka maneno hayo kila mwaka wa maisha yangu. Hakuwa mpumbavu, wala hakuwa na tamaa kuliko mimi au wewe. Alimpenda yule bibi, alitaka mahali pa kumwonyesha, na mwenye ufunguo wa mahali hapo alimwambia ufunguo uko hivi.

Siku yenyewe tulikuwa katika ukumbi wa hoteli ambao vioo vyake vinatazama mashamba ya chai, kijani kimekatwa sawa kama zulia, chupa za chai na mandazi mezani, majaji watatu wenye majina shingoni. Kazi yangu ilikuwa kurekodi kila anayepichi. Hillary alifuta viatu vyake kwa nyuma ya suruali, akasimama. "Mimi ni mtu mzima," akasema, "na sijui baba yangu ni nani." Akanyamaza. Jaji mmoja, mama wa makamo, aliweka mkono kifuani. Dennis alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyegusa chai. Yaliyofuata yalikuwa mazuri, aliwaeleza Kogo vizuri, alieleza ng'ombe na wazee na nguzo, lakini nikiwa nyuma ya kamera niliona nyuso zao zimebaki kwenye ile sentensi ya kwanza. Alishinda. Tulimbeba juu. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma, nami pia nililia, na yalikuwa machozi ya furaha.

Shirika lilikuwa na urafiki na redio moja ya Kikipsigis, na ili kutangaza kazi yao waliwapa sauti za siku ile. Asubuhi moja mtangazaji alicheza sentensi ya Hillary, akaitafsiri, akaicheza tena, akaanza kupokea simu. Niliyasikia haya baadaye, kutoka kwa Rael. Alisema Kogo alikuwa zizini, redio imening'inizwa kwenye mwiba wa seng'enge kama kawaida. Aliisikia sauti ya kijana wake, akaitambua, akatabasamu. Kisha maneno yakafika. Hakuacha kukamua. Alikamua mpaka mwisho, akafunga ndama, akamwambia Rael, "Zima." Majirani walikuwa na redio pia, na Joel alikuwa nayo.

Tulipokwenda Jumapili iliyofuata, mimi na Hillary, ambaye wiki ile alikuwa amelala mjini akijifunza kamera yake, tulikuwa bado hatujasikia lolote. Mjini hakuna mtu wa rika letu aliyesikiliza redio ile. Tulibeba kamera mpya ndani ya mfuko wake, tukiwa na furaha kama watoto wa Krismasi. Kogo alitukaribisha. Hakufoka, hakununa. Rael alileta chai. Mimi nikapewa kikombe cha bati chenye kovu mdomoni, kile nilichokuwa nacho kila nikija. Hillary akawekewa kikombe cha udongo chenye maua na kisahani chake. Vilikuwa vikombe vya wageni, vya mchungaji na chifu, na nilikuwa sijawahi kuviona nje ya kabati. Vibuyu vilikaa ukutani. Hillary alikitazama kile kikombe, nikaona rangi ya midomo yake ikibadilika. "Kogo," akasema. Kogo akamjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kumsemesha tangu azaliwe: "Kunywa, mgeni. Chai inapoa." Nimesikia watu wakitukanwa, nimesikia matusi ya kila aina katika nyumba za kampuni ukuta kwa ukuta. Sijawahi kusikia neno lililoniumiza kama hilo mgeni, na hata halikuwa langu.

Joel aliita wazee. Walikuja mchana wa mvua, wakajaa sebuleni kwa Kogo na makoti yao yaliyolowa, Kogo mwenyewe akakaa upande wa wanaume kama ilivyo haki ya aliyeoa. Hillary alikuwa na wazo, maskini, kwamba nirekodi kila kitu, kwamba yote yataeleweka kwenye filamu. Nilikuwa bado sijafungua mfuko Kogo aliponinyooshea kidole. "Zima hiyo kitu." Haikuwa hata imewaka. Nikaenda jikoni kwa Rael, upande wa pili wa ukuta wa mbao, akawa ananitafsiria polepole huku akichambua mboga za saga kwenye ungo. Joel alisema hana ubaya na mtu. Alisema nyumba ya mama yake mdogo iliegemezwa nguzo, na sasa nguzo yenyewe imesema mbele ya dunia nzima haijui ilitoka wapi. Kama hajui baba yake, basi si wa hapa, na shamba lirudi kwa watoto wa mzee wanaojulikana. Mzee mmoja mwenye sauti ya chini akamwuliza Hillary: "Ulisema uongo kule, ama unataka kusema uongo hapa?"

Mvua ilipiga kidogo. Nilisikia Hillary akisema, na hili sikuhitaji kutafsiriwa kwa sababu sauti ilivunjika: aliongopa kule. Baba yake ni Kogo, na hajawahi kuwa na mwingine.

Rael alikuwa ameacha kuchambua. Nilimtazama, mwanamke pekee katika mlima wote ule aliyejua jina ambalo Dennis alilitaka. Alinitazama pia, akajua ninachofikiri. "Mimi niliolewa hapa," akaniambia. "Hiyo ingine si maneno." Akarudi kwenye mboga zake.

Wazee walinong'onezana, kisha wakatoa uamuzi ambao kwao ulikuwa wa huruma. Neno halifutwi jikoni kama limesemwa sokoni. Hillary aende akalitengue pale pale alipolisema, lisikike kama lilivyosikika. Akifanya hivyo, yamekwisha. Mpaka hapo, shamba likae kama lilivyo, pasijengwe nyumba ya mawe, pasigawanywe, pasitajwe mwenyewe. Walikunywa chai wakaondoka, na kila mtu, hata Hillary, alidhani ni jambo la wiki moja.

Nilimsindikiza ghorofani kwa Dennis. Dennis alisikiliza kwa makini, nitasema hivyo daima, alisikiliza. Kisha akaeleza kwamba majaji walinunua swali. Filamu isiyo na swali lile ni filamu nyingine, nayo haikushinda. Akasema jambo zuri zaidi lingekuwa kurekodi hilo lote, wazee, shamba, hata kumtafuta yule mwanamume. Macho yake yalikuwa yamewaka tena. Hillary alifungua mfuko, akaipanga kamera mezani, lenzi, betri, chaja, kila kitu mahali pake, akashuka ngazi akavaa gambuti. Tulikwenda redioni. Tulikaa kwenye benchi nje mpaka mtangazaji alipotoka na kikombe chake cha chai, mtu mcheshi, akampiga Hillary begani na kumwambia pole. Alipoelewa tunachotaka alitikisa kichwa. "Unataka kuambia watu unajua baba yako? Kijana, kila mtu anajua baba yake. Hiyo si stori." Akaingia ndani. Tulirudi tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, kisha tukaacha. Filamu iliyotengenezwa mwaka ule ilihusu vijana wa Mulot wanaochunga mbuzi kwa pikipiki. Ilichekesha sana.

Kogo alimsamehe, kama kusamehe ndilo neno lake. Sijui ni lini kibuyu kilishushwa tena. Nilipokwenda Krismasi nilikuta Hillary anakunywa maziwa na hakuna anayelizungumzia. Lakini mlima haukusahau. Alioa Faith, wakazaa wasichana wawili na mvulana, akapogoa chai, akauza ndama Mulot, na kila alipopanga mawe ya msingi Joel alikuja, kwa adabu zote, kukumbusha kwamba neno bado halijatenguliwa. Mawe yaliota nyasi. Mara nyingine alinisaidia kazini, akinishikia taa kwenye harusi, na nilipomwambia ashike kamera alikuwa anacheka na kurudisha mikono nyuma. Alikuwa na jicho kuliko mimi. Nasema hivi bila unyenyekevu wa msibani. Juzi Dennis, ambaye sijui alipataje namba yangu, alinitumia ujumbe: Hillary alikuwa msimulizi wa kweli. Niliandika majibu matatu nikayafuta yote, nikamtumia neno asante, na bado lina uchungu mdomoni.

Nilifika Kimulot Ijumaa jioni. Faith alinipokea kwenye lango, akanishika mkono na kunipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limechimbwa, hatua chache kutoka kwenye zizi. Aliniambia wazee walikuwa bado wanavutana pale Kogo, ambaye sasa macho yamefifia na miguu ni ya kusukumana nayo, alipotoka nje akipapasa, akachomeka fimbo yake ardhini na kuwaambia vijana, "Chimba hapa." Joel hakukataa. Alisema kaburi ni kaburi tu. Ila udongo wa kwanza utawekwa na upande wa baba, na kwa kuwa baba hajulikani, atauweka yeye kwa niaba ya mzee. Faith alikuwa ananitazama aone kama nimeelewa. Nilielewa. Akiweka Joel, watu wote watakuwa wameshuhudia kwamba nyumba ya Kogo haikuwa na mtoto, na kwamba huyu amezikwa kwa hisani. Faith na wale watoto watatu wangekuwa wageni wanaolelewa. "Nimefikiria kuongea," akasema, "lakini mimi ni mke. Nitasema nini?"

Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye chai. Nilisimama upande wa kichwani mwa kaburi, kamera kwenye miguu yake mitatu. Tuliimba, wasifu ukasomwa, na palipotakiwa jina la baba msomaji alikohoa akapita. Jeneza likashuka. Mchungaji akashika kipaza sauti, akasema sasa tunaita upande wa baba, mzee Joel kwa niaba. Joel alisimama, akafunga vifungo vya koti. Ndipo niliposikia mbao za kiti zikilia nyuma yake. Kogo alikuwa amesimama. Mjukuu wake, yule msichana mkubwa, alimshika kiwiko, wakaanza kuja, polepole mno, katikati ya watu wote wale, na Joel akabaki amesimama kwa sababu huwezi kumpita mtu mzee njiani. Kogo alifika ukingoni, akainua uso, akatafuta kwa masikio.

"Atieno."

"Niko hapa, Kogo."

"Hiyo kitu yako inawaka?"

Nikaitazama kwanza taa yake nyekundu. "Inawaka, Kogo."

Akanyoosha mkono, mchungaji akampa kipaza sauti bila kujua kwamba amempa. Alisema kwanza kwa Kikipsigis, maneno machache, nikaona wazee wakiinua vichwa mmoja mmoja. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili na sisi wengine tusikie, na ili isiwepo redio wala mtu wa Nairobi wa kuhitaji kutafsiri. "Huyu ni kijana yangu. Ng'ombe nilitoa mimi. Alisema neno huko Kericho, neno ya mtoto anatafuta kazi. Mimi nasema yangu hapa. Baba yake ni mimi. Nani anauliza?"

Hakuna aliyeuliza. Mtoto mmoja alilia nyuma, akanyamazishwa. Kogo aliinama, na ilimchukua muda, akachota udongo kwa mkono, akauachia, tukausikia ukigonga mbao. Joel alikuwa bado amesimama na koti lake limefungwa. Akatazama wazee, wazee wakatazama chini. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye nguzo ya zizi, akachukua koleo na kuanza kufukia pamoja na vijana. Sijui kama alikuwa amekubali au aliona mvua inakuja. Nililia kwa mara ya kwanza tangu simu ya Faith, nikilia bila sauti ili nisiiharibu picha, na sikuzima. Sikuzima walipomaliza kufukia, wala walipopanga maua, wala watu walipoanza kukimbilia hemani mvua ilipoanguka. Niliifunika kamera kwa mwavuli na kuiacha imtazame Kogo, aliyekuwa bado amesimama pale, kiganja kina udongo, mpaka aliponigeukia.

"Sasa zima," akasema. "Kuja ukunywe maziwa."